Mraba Mtupu kwenye Simu ya Mama

Kaka yangu mkubwa alitoa kabambe kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya meza ya mama kando ya chupa ya chai, na kusema, "Kuanzia leo utatumia hii. Ile nyingine nipe."

Ilikuwa simu ya vitufe, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye tochi kichwani. Mama hakuigusa. Alimimina chai, akamsogezea kaka kikombe, akasema, "Kunywa kwanza. Umetoka mbali." Kaka hakuwa ametoka mbali. Anakaa Soy, na mama anakaa Ziwa, safari ambayo kwa pikapu yake si ya kuzungumzia. Mama humwambia hivyo mtu asiyekuja mara nyingi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Alhamisi ya juma lile wanawake wa kanisa walikusanyika sebuleni kwake kwa maombi. Mama aliweka simu yake katikati ya meza, miongoni mwa vikombe, ili itoe nyimbo za kwaya ambazo dada yetu humtumia kutoka Uarabuni, anakofanya kazi. Katikati ya wimbo wa pili skrini ikawaka yenyewe. Akatokea mwanamke aliyevaa nguo za ndani, akaanza kueleza kwa sauti laini kwamba kuna wanaume wapweke karibu nawe. Mama alibonyeza alama ya kufunga. Haikuwa alama ya kufunga. Ilikuwa picha ya alama ya kufunga, na kila alipoibonyeza alitokea mwanamke mwingine. Mwishowe mwenyekiti wa kikundi aliifunika simu kwa Biblia yake, na yule mwanamke akaendelea kuongea chini ya Biblia mpaka akamaliza.

Mke wa kaka alikuwepo. Ndiye aliyempelekea habari.

"Mama, watu wanaongea," kaka alisema.

"Watu huongea."

"Wanasema mama yetu anaangalia vitu vichafu."

"Waambie waje waangalie na wao. Nyimbo bado ziko."

Shemeji, aliyekuwa amekuja na kaka, alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Kaka si mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo hapa. Lakini yeye ni kifungua mimba, na tangu baba afariki amezoea kusema jambo mara moja likawa limekwisha. Tena alikuwa na hoja. Mama hajui kusoma. Anajua tarakimu, kwa sababu amepima maziwa kwa miaka mingi na kuzifuata lita zake kwenye kadi ili asipunjwe, lakini herufi kwake ni mistari tu. Simu ile ilikuwa imejaa herufi. Kwa nini asipewe simu rahisi, na mambo mengine yapitie kwa shemeji, ambaye anasoma?

Mimi nilijua kwa nini. Kabambe haionyeshi uso wa mtu. Dada yetu alikuwa na mwaka wa tatu Uarabuni, na kila Jumamosi baada ya kukamua mama humtazama, humkagua mashavu kuona kama amekonda, na humwonyesha ndama. Simu ikichukuliwa, mama angengoja mpaka shemeji apate nafasi ya kumletea yake kutoka Soy. Angeongea na binti yake mtu mwingine akiwa ameshika simu na kusikiliza. Hilo ndilo lililokuwa mezani kando ya chupa ya chai, si simu mbili.

"Mpe muda," nikasema. "Shida haiko kwa mama. Iko kwa hiyo simu, na nitairekebisha."

Kaka alinitazama. "Wewe unasuka mota."

"Ndiyo."

"Hii si mota."

"Nipe mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao."

Akafikiri. Kisha akatoa masharti mbele ya mashahidi, kama kawaida yake. Siku hiyo mama aweze kumpigia yeyote kati yetu, peke yake, bila mtu kumwelekeza. Na pasitokee uchafu wowote kwenye skrini. Akishindwa, simu kubwa inaondoka. Akaiacha kabambe palepale mezani.

Mama akaichukua, akawasha tochi, akaangaza chini ya kabati. "Inafaa kutafuta mayai," akasema.

Ni kweli kwamba nasuka mota, yaani natoa waya zilizoungua ndani yake na kuzungusha nyingine mpya. Karakana ninayofanyia kazi iko mjini Eldoret, na nyumba yangu iko Langas. Watu hutuletea pampu za maji, mashine za kukata majani ya ng'ombe na vinu vilivyoungua. Sikusomea kazi hii. Shule niliacha kidato cha pili, na nilichojifunza baada ya hapo nimejifunza kwa kufungua kitu, kuchora kilivyo kabla sijakigusa, kuhesabu mizunguko ya waya, na kuandika yote kwenye daftari. Nina madaftari ya miaka ishirini. Yamenifundisha kwamba mtu akisema kifaa "hakiwezekani", mara nyingi anamaanisha kwamba yeye hajakifungua.

Nilianza na kilicho juu. Kuna programu inayobadilisha uso wa simu, ile sehemu unayoiona ukiiwasha, inaitwa launcher. Unaweza kuondoa kila kitu na kubakisha unachotaka. Nilitafuta moja isiyo na matangazo, nikaipanga skrini ya mama kuwa miraba kumi na miwili, mitatu kwa upana na minne kwenda chini. Kwenye kila mraba niliweka picha ya uso wa mtu, ukiubonyeza unampigia. Nilipanga kwa umri: kaka juu kushoto, dada, mimi, mdogo wetu, halafu wajomba, majirani, mwenyekiti wa kikundi. Niliridhika sana na mpango ule.

Mama aliitazama kwa muda mrefu akiwa amenyoosha mkono, kisha akaisogeza karibu.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni sisi."

"Nyuso ndogo kama punje za wimbi. Huyu aliyevaa tai ni nani?"

"Ni mjomba."

"Mjomba hana tai."

"Ilikuwa harusi, mama."

"Basi nitampigia siku ya harusi."

Picha nilizokuwa nazo zilikuwa za sherehe, na kwenye sherehe watu wote wa kwetu huvaa suti na kusimama wima. Alijaribu mara sita, akampata mtu asiyemtaka mara nne. Nikaandika: amekosea nne kati ya sita. Siku ya tano jambo likawa baya zaidi. Simu ilijisasisha yenyewe, ikarudisha uso wake wa kiwandani, na tangazo likatokea kwenye skrini hata kabla ya kufunguliwa. Lilikuwa la kamari. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepaka rangi ukuta wa nyumba ambayo mtu mwingine bado ana ufunguo wake. Mama alinunua simu ile dukani, ikawa yake. Lakini kampuni iliyoitengeneza ilibaki ndani, na ilikuwa ikiingiza wageni sebuleni mwa mama bila kubisha hodi.

Sikasiriki haraka. Siku ile nilikasirika.

Nilikwenda kwa fundi wa simu mjini, mwanamume wa miaka thelathini na ushee mwenye kioo cha kukuza kichwani, nikamweleza.

"Mzee, hii simu iko sawa tu," akasema. "Hizo ads zinakuja na mfumo. Ndiyo maana ilikuwa bei ya chini."

"Nataka kuutoa mfumo wote na kuweka mwingine."

Akainua kioo aniangalie vizuri. "Unataka kuflash? Hiyo si kazi ya rika yako, mzee. Ukikosea step moja, itageuka tofali, haiwaki tena."

"Nitajengea."

Wenzake wa kibanda cha pili wakacheka. "Mwache mjenzi!" mmoja akapaza sauti. Fundi naye akacheka, lakini alikataa kuishika ile kazi; alisema akiiharibu nitamlaumu. Nilimwelewa. Nikanunua kebo nzuri kwake, nikaondoka.

Wiki tatu zilizofuata nilisoma. Kuna watu duniani wanaotengeneza mifumo mbadala ya simu bila malipo na kuieleza hatua kwa hatua, kwa Kiingereza kigumu kilichojaa vifupisho. Nilikuwa na kamusi, na nilikuwa na saa ya chakula cha mchana. Nilinakili maelezo ya watu watano tofauti waliofanya kazi hiyo kwenye simu ya aina ileile, nikayalinganisha safu kwa safu, nikaweka alama mahali walipohitilafiana. Kila simu ina mlango wa kwanza, ule unaoamka kabla ya kitu kingine chochote, na mlango huo hufungwa kiwandani. Kwa simu ya mama, ilinibidi niombe ruhusa ya kuufungua, halafu ningoje siku saba. Nilirudia kusoma mahali hapo nikidhani sikuelewa. Ruhusa, kutoka kwa kampuni, ya kufungua kitu cha mama. Niliomba, nikangoja, na siku zote saba nilisema peke yangu maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Jumamosi ya kazi yenyewe nilikuwa nimeandaa orodha ya hatua kumi na tisa. Betri imejaa. Kompyuta ya karakana imejaa, kwa hiyo hata stima ikipotea haidhuru. Namba na picha zote za mama zimehamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu mlango ukifunguliwa, simu hujifuta kabisa. Niliipitia orodha mara tatu. Mwenzangu wa karakana alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akaniuliza kama naipasua simu ama naizalisha.

Mlango ulifunguka. Mfumo wa zamani ukatoka. Mpya ukaingia, na skrini ikawaka nyeupe, tulivu, bila jina la kampuni, bila habari za wanamuziki, bila mwanamke. Niliiacha mezani saa nzima nikiitazama kama itathubutu. Haikuthubutu.

Kisha nikairudisha kadi ya kumbukumbu, nayo simu ikasema kadi haisomeki.

Kosa lilikuwa langu, na nililiandika kwa wino mwekundu. Kadi ile ilikuwa imeunganishwa na simu kama sehemu ya tumbo lake, si kama sanduku la pembeni. Ufunguo wa kadi ulikaa ndani ya simu. Nilipoifuta simu niliufuta ufunguo. Orodha yangu ya hatua kumi na tisa ilihitaji ya ishirini, na hiyo sikuwa nayo. Namba zote za mama zilikuwa zimepotea, pamoja na za watu ambao mimi siwajui, na ilikuwa imebaki wiki moja tu kabla ya Jumapili ya kaka.

Kesho yake nilikwenda Ziwa. Nilimkuta mama kwenye boma, jioni, amevaa gambuti, ndoo mkononi. Nilimwambia yote bila kupunguza. Hakuacha kukamua.

"Kwa hivyo iko safi," akasema.

"Iko safi. Lakini haina mtu hata mmoja. Niambie ulikuwa na nani kwenye simu, nitatafuta namba moja moja."

Nikafungua daftari, nikamngoja ataje majina. Hakutaja majina. Alinyoosha kidole kwa ng'ombe aliyekuwa mbele yake, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni.

"Andika huyu. Kwa mjomba wako."

Kisha akaenda kwa wa pili, mweusi mwenye pembe iliyovunjika. "Huyu ni dada yako." Akaenda kwa wa tatu. "Huyu ni mwenyekiti."

Hapo ndipo mimi, niliyezaliwa katika boma lile na kuchunga ndani yake, nilipoona kitu nilichokuwa nakiona kila siku. Kwetu ng'ombe hatoki nyumba moja kwenda nyingine bure. Akitolewa, nyumba mbili zinashikana, na ndama wake na ndama wa ndama wake wanaendelea kuitwa kwa nyumba waliyotoka. Yule mwekundu ni kizazi cha tano cha ng'ombe ambaye mjomba alimpa mama mwaka nilioanza shule. Mweusi alitoka katika mahari ya dada. Mwenye mabaka alitoka kwa kikundi cha wanawake, zamu ya mama ilipofika. Mama anapotaka kumfikiria mtu hahitaji uso wake, wala jina, wala tai. Ana boma zima.

"Wangu ni yupi?" nikauliza, ingawa nilijua. Ni wa uzao wa ng'ombe niliyemnunua kwa mshahara wangu wa kwanza.

"Huyo anayepiga teke."

"Na daktari wa mifugo? Yeye hajatoa ng'ombe."

Mama alifikiri. "Mpige picha huyo ndama. Wote hawa wadogo ni wa sindano yake ya mbegu. Yeye ni baba yao."

Nilifuta mpango wangu wa umri. Nikapiga picha za ng'ombe, vichwa tu, kwa karibu, mwanga wa jioni ukiwa upande wa kushoto. Walikuwa kumi. Pamoja na ndama wa daktari, miraba kumi na mmoja ilijaa. Mama hakuhitaji kufundishwa. Nilimpa simu yenye picha lakini bila namba, nikasema, "Mjomba," na kidole chake kikaenda moja kwa moja. Nikasema, "Mwenyekiti." Kikaenda. Niliuliza mara ishirini na nne, nikaandika: ishirini na nne kati ya ishirini na nne.

Ulibaki mraba wa mwisho, chini kulia.

"Kaka," nikasema. "Ng'ombe wake ni yupi?"

"Hana."

Ilikuwa kweli. Zamani alimpa mama mtamba mzuri, na uzao wake ukafika ng'ombe wanne. Kisha alipojenga kinu cha posho huko Soy alikuja na lori, akawapakia wote wanne, wakaenda kuuzwa. Alikuwa amesema atarudisha mmoja. Hakuna aliyelizungumzia tena.

"Basi tuweke picha yake mwenyewe. Ama ya kinu. Ama ya lango."

"Acha hivyo."

"Mama, yeye ndiye anayekuja kukupima. Alisema umpigie yeyote kati yetu. Ukikosa yeye tu, anachukua simu."

Mama aliweka ndoo chini. "Nikuulize. Umehangaika mwezi mzima uwatoe watu wa kampuni kwa simu yangu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ili iwe ya nani?"

Niliuacha mraba mtupu. Ukiubonyeza, hakuna kinachotokea. Usiku ule nilirudi Langas nikiwa na hakika kwamba tungeshindwa, na nikiwa na hakika vilevile kwamba sitaujaza. Kama mtu anaweza kuweka kitu kwenye simu ya mama kwa sababu anaona kinamfaa, basi mimi na kampuni tulikuwa tofauti kwa jina tu.

Wiki ile nilizikusanya namba zote kumi na moja, na Jumamosi nikaziingiza.

Jumapili kaka alifika baada ya ibada, na shemeji, na mfuko wa mkate. Kabambe ilikuwa bado mezani, palepale. Mama alikuwa ameipanguza vumbi kwa heshima.

Kaka aliichukua simu kwanza, akaikagua. Aliona vichwa vya ng'ombe, akaishusha.

"Hii ni nini? Ni simu ama ni mnada?"

"Uliza unachotaka kuuliza," nikasema.

Akampa mama. "Mpigie mdogo wetu." Mama akabonyeza ng'ombe wa kijivu. Simu ikaita, mdogo wetu akapokea akiwa Nakuru, akasalimia. "Mpigie mwenyekiti." Mabaka. Mwenyekiti alipokea na kuuliza kama yule mwanamke bado yuko ndani ya simu, shemeji akacheka bila kujificha. "Mpigie dada." Mama akabonyeza mweusi mwenye pembe iliyovunjika, na uso wa dada ukajaa skrini, amefunga kitambaa kichwani, nyuma yake ukuta mweupe wa nyumba ya watu wengine.

"Leo si Jumamosi. Kuna nini?" dada akauliza.

"Napimwa," mama akasema. "Usikate. Umekonda?"

"Sijakonda."

"Geuka upande."

Kaka alingoja mpaka wakamaliza. Niliona kwamba angependa kuacha hapo. Lakini alikuwa ametoa masharti mbele ya watu.

"Sasa nipigie mimi."

"Uko hapa. Ongea," mama akasema.

"Mama."

Mama akamwonyesha skrini, kidole chake kikiwa kwenye mraba wa mwisho. Kaka akainama. "Hapa hakuna kitu."

"Ndiyo. Hapo ni pako."

Shemeji alianza kukata mkate ambao hakuna aliyeuomba. Kaka alinitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemtoa, nikamrudishia macho. Alielewa, uso wake ulibadilika pale kumbukumbu ya lile lori ilipompitia kichwani. Lakini mtu akiaibishwa huwa hatafuti haki, hutafuta pa kushika.

"Tulikubaliana," akasema kwa sauti ya chini. "Yeyote kati yetu." Akanyoosha mkono achukue simu.

Mama aliivuta kifuani. Alibonyeza kona ya chini, penye vitufe vya tarakimu, ambavyo niliviacha hapo kwa sababu tu mfumo hauruhusu viondolewe. Sikuwahi kumfundisha kuvitumia. Akaanza kubonyeza, polepole, akinong'ona kila tarakimu kwa namna anavyonong'ona lita: sifuri, saba, mbili. Zikafika kumi. Hakutazama karatasi yoyote.

Simu ikaita ndani ya koti la kaka.

Zamani, kabla yeyote kati yetu wengine hajawa na simu, kaka alikuwa nayo, na mama alikuwa akitembea mpaka sokoni kwenye kibanda cha simu akiwa na namba yake kwenye kikaratasi. Kikaratasi kile kilichanika miaka mingi iliyopita. Sikuwa nimewahi kujiuliza namba ilikwenda wapi.

Kaka aliitoa simu yake. Ilikuwa inatikisika kiganjani. Alikuwa hatua mbili kutoka kwa mama na hakujua afanye nini, kwa hiyo akafanya wanachofanya watu wote: akaipokea, akaiweka sikioni.

"Haloo?"

"Leta ndama," mama akasema kwenye simu yake, na akakata.

Shemeji aliinama juu ya mkate mabega yakitikisika. Kaka alibaki ameshika simu sikioni kwa muda. Kisha akaketi, akaomba chai. Alipoondoka aliichukua kabambe mwenyewe, bila kuambiwa, akairudisha kwenye mfuko wa koti. Mama akamwambia aiache, bado kuna mayai chini ya kabati. Akaiacha.

Siku chache baadaye alinipigia nikiwa karakanani. Aliongea kuhusu mahindi, na bei ya mbolea, na kinu chake kinachotoa moshi. Halafu akasema, kana kwamba limemjia sasa hivi, "Ukienda kwa mama, weka tu picha yangu hapo. Ndogo. Hata hatajua."

"Atajua."

"Wewe ndiye fundi. Unaweza."

"Naweza," nikamwambia. "Lakini simu si yangu. Unajua kinachotakiwa."

Akasema nimekuwa mkaidi. Nikasema mota iko mezani inanisubiri, aniletee hiyo ya kinu niiangalie.

Ndama hajafika. Huenda akafika, kaka ni mtu wa kuchelewa, si mtu wa kukataa. Kila baada ya miezi mitatu naenda Ziwa na kompyuta na kebo, nasasisha mfumo, halafu nakagua orodha yangu, ambayo sasa ina hatua ishirini na mbili. Ya mwisho ni kuhesabu miraba. Kumi na mmoja ina ng'ombe. Ule wa chini kulia naubonyeza mara mbili, kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea, ndipo namrudishia mama simu yake.